Hakso, paipukata ndogo au paipukata kubwa: ukatie nini kopa ya AC kabla ya kuflea

Habari za kazi mafundi. Juzi tukiwa Nzuguni hapa Dodoma juu ya ngazi, dogo ninayefanya naye kazi kaniuliza, "Kaka, nikishika hela kidogo nianze na nini, mashine ya kuflea ya klachi au paipukata nzuri?" Nikamwambia anza na paipukata, afu tukaendelea na kazi, ila najua hakuridhika maana kila fundi anayemwona mjini anajivunia mashine ya kuflea (ile ya kupanua mdomo wa paipu ukae kwenye nati), hakuna anayejivunia kitu cha kukatia. Kwa hiyo nimekaa leo naandika yote ninayoyajua kuhusu kukata kopa (paipu ya shaba ya AC) kwa urefu unaotakiwa na kuusafisha mdomo wake, nalinganisha vifaa nilivyovishika kwa mkono wangu, ili anayetaka kununua ajue hela yake inaenda wapi.

Msimamo wangu nauweka mwanzoni kabisa. Gesi ikivuja kwenye nati, mara nyingi kosa lilishafanyika kabla hata nati haijashikwa, pale paipu ilipokatwa. Mashine ya kuflea inapanua mdomo ule ule uliopewa, ukiipa mdomo uliokatwa upande itakupa flea yenye upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, ukiipa mdomo wenye makali ndani itayakandamiza makali yale yawe mkunjo juu ya sura ya flea, na mkunjo ule ndio njia ya gesi.

Zamani tulikuwa tunasamehewa mengi. AC za R22 (gesi ya zamani) presha yake, kondensa (sehemu ya nje inayotoa joto) ikiwa kwenye nyuzi 50, ni kama PSI 270 hivi. Gesi mpya ya R410A kwenye joto hilo hilo inafika karibu 430, na R32 iko juu yake kidogo, yaani presha imepanda kama asilimia 60. Na kondensa kufika nyuzi 50 hapa kwetu mwezi wa kumi mchana, yuniti ya nje ikiwa imetundikwa kwenye ukuta unaoangalia magharibi pale Ilazo au Kisasa, si jambo la ajabu. Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma 2016 AC zimekuwa nyingi sana mjini, kuanzia maofisi ya Mtumba mpaka nyumba za kupanga za Iyumbu, na karibu zote mpya zinazofungwa ni R32 au R410A. Mdomo ambao ulikuwa unashika R22 miaka mitano bila neno, kwa gesi hizi unaweza usimalize msimu mmoja wa joto. Hapo bado sijasema kwamba R32 inaweza kuwaka, si kama propeni lakini inawaka, kwa hiyo kuvuja ndani ya chumba cha kulala ni jambo la kuogopa, usiliangalie kama hasara ya hela ya gesi peke yake.

Haya, tuanze na hakso.

Hakso kila fundi anayo, na bledi inauzwa kila duka la vifaa Majengo. Uzuri wake ni huo, ipo. Nimekatia hakso miaka yangu miwili ya kwanza na nilikuwa naona kazi inaenda, mpaka siku mteja mmoja wa Kisasa aliponiita mara ya tatu kwa AC ile ile ya BTU 12000, haipoozi. Mara mbili za kwanza nilikuwa nimeongeza gesi na kukaza nati. Ile mara ya tatu nikafungua nati ya paipu ya inchi tatu kwa nane, nikawasha tochi ya simu nikaichungulia ile flea kwa makini, nikaona mstari mwembamba kama ukucha uliokunjwa, unakatiza sura ya flea kutoka ndani mpaka nje. Kufungua upande wa paipu ya robo inchi nakuta kingine, flea imeegemea upande, upande mmoja inagusa uzi wa nati na upande wa pili haifiki hata nusu ya kitako. Mteja alikuwa mama mtu mzima, Mgogo, alinipokea na "mbukwa" kwa upole kama siku ya kwanza nilipoenda, hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikata upya flea zote nne, gesi nikajaza kwa hela yangu.

Tatizo la hakso liko pande mbili. La kwanza ni unyoofu, mkono wa binadamu haukati kopa laini sawasawa, paipu inacheza, bledi inatembea, na hata ukipiga tupa baadaye unakuwa unakisia tu. La pili ndilo baya zaidi, ni chenga. Msumeno unang'oa chenga ndogo ndogo za kopa na nyingi zinaingia ndani ya paipu, zinashika kwenye mafuta au kwenye kona, afu siku unawasha zinatembea na gesi mpaka kwenye chujio, kwenye eksipansheni vavu (inayoshusha presha ya gesi), nyingine kwenye kompresa. Hutaziona. Utaona tu AC imeanza kuganda barafu kwenye paipu nyembamba baada ya miezi, afu fundi mwingine anakuja anasema gesi imepungua.

Grinda ndo usiguse kabisa kwa kopa ya AC. Nawaona vijana kwenye saiti wanapiga grinda rolo zima kwa haraka, lile disiki linamwaga unga wa mawe ndani ya paipu, na joto lake linaacha mdomo mweusi. Unga wa disiki ni mgumu kuliko chuma cha kompresa. Sina cha kulinganisha hapo.

Kuna sehemu hakso bado naitumia na sitaificha. Paipu ya maji ya kudondoka, ile ya plastiki, nakatia hakso. Kopa ya zamani ninayoing'oa kwenda skrepa, hakso. Na paipu nene za kwenye vyumba baridi vinavyopita ukubwa wa paipukata yangu, hapo unaweza kulazimika, ila unatafuta bledi ya meno 32 kwa inchi, meno madogo kabisa, unakata mdomo ukiwa umeelekea chini, unapiga tupa, afu unapuliza na naitrojeni. Hata hivyo paipu zile zinachomelewa, haziflewi, kwa hiyo mdomo wake una uvumilivu kidogo.

Sasa paipukata. Kwa asiyeijua, ni kile kifaa chenye gurudumu dogo la kukata upande mmoja na rola mbili upande wa pili, unabana paipu katikati, unazungusha huku unakaza kitasa kidogo kidogo mpaka inaachia. Haitoi chenga, inasukuma kopa pembeni tu, na ikiwa nzima inakata mstari uliosimama wima kuzunguka paipu yote. Hii ndiyo tofauti kubwa na hakso, na ndiyo maana hata ya bei rahisi kabisa, ikiwa nzima, inaishinda hakso ya fundi mwenye miaka ishirini.

Zipo ndogo na zipo kubwa, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa.

Ndogo, ile inayoenea kwenye kiganja, kama CT-127 ambayo imejaa Kariakoo, inakata kuanzia milimita 3 mpaka 16, maana yake robo, tatu kwa nane, nusu na tano kwa nane zote inazimeza, ingawa tano kwa nane ndo mwisho wake. Faida yake ni nafasi. Nyuma ya yuniti ya ndani kopa ikiwa imeshatoka ukutani sentimita kumi, au kwenye friji nyuma pale karibu na kompresa ambapo mkono wenyewe hauingii, kubwa haizunguki, ndogo inazunguka. Hasara yake ni kitasa, kidogo sana, ukikata paipu kumi kwa siku vidole vinauma, na vidole vikiuma unaanza kukaza kwa nguvu ili imalize haraka, na hapo ndo unaiharibu paipu kama nitakavyoeleza chini.

Kubwa, mfano CT-274, inaenda milimita 3 mpaka 28. Ina kitasa kirefu, rola zake ni pana kwa hiyo paipu inakaa imetulia, na mgongoni au kwenye mwili wake kuna kisu cha rima, cha kusafishia mdomo wa paipu baada ya kukata, kinachokunjuka. Kwa kufunga AC mpya ambapo unakata paipu iko chini au kwenye meza, hii ndiyo ya kila siku. Inakwenda taratibu, inanyoosha, haichoshi. Ubaya wake ni mmoja tu, inahitaji nafasi ya kuzunguka.

Halafu kuna zile za bei, Ridgid, Rothenberger na wenzao. Nimetumia Ridgid ya rafiki yangu kwa karibu mwezi mzima tukiwa kwenye jengo moja la ofisi. Tofauti niliyoiona si kwamba inakata vizuri kuliko CT-274 mpya, siku ya kwanza zinakaribiana sana kusema ukweli. Tofauti ni baada ya paipu mia. Ekseli ya gurudumu kwenye ile ya bei bado imekaza vile vile, kwenye ya bei rahisi imeanza kucheza. Gurudumu likicheza halirudi kwenye mstari wake, linaanza kuchora uzi kama wa skrubu kuzunguka paipu, unazungusha weee haikati, inatembea tu kuelekea pembeni. Ukifika hapo watu wanatupa kifaa, wakati mara nyingi ni gurudumu au pini yake tu, na hivyo vinauzwa peke yake. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza, nunua ya bei ya kawaida pamoja na magurudumu mawili ya akiba siku hiyo hiyo, maana ukija kuyahitaji uko Chamwino au Bahi huna pa kuyapata.

Dukani usikubali kupokea tu boksi. Beba kipande cha kopa ya robo mfukoni, urefu wa kiganja kinatosha. Weka kwenye paipukata, kaza mpaka gurudumu liguse tu, zungusha mara moja kamili bila kuongeza, afu itoe uangalie. Mstari ukikutana wenyewe ulipoanzia, ni nzima. Ukiona mistari miwili, hata ikiwa imeachana kwa unene wa unywele, rudisha omba nyingine. Nilishawahi kujaribu tatu dukani, mbili zikawa na mistari miwili, na zote zilikuwa mpya kwenye nailoni. Muuzaji alichukia kidogo mwanzo, baadaye akaanza kuwaonyesha wateja wengine jinsi ya kujaribu. Na kama unaagiza kutoka Dar na mtu anakuletea kwa treni ya SGR, mwambie huyo mtu ajaribu hivyo hivyo kabla ya kulipa, kipande cha kopa mpe wewe.

Kukata kwenyewe kuna adabu yake. Kaza kitasa robo ya mzunguko, zungusha kifaa mara moja au mbili, kaza robo tena, zungusha. Kopa ya unene wa milimita 0.8, ambao ndio unaotakiwa kwa robo mpaka nusu kwenye gesi hizi mpya, inaisha bila haraka kwa namna hiyo. Ukikaza nusu mzunguko au zaidi kwa mara moja mambo mawili yanatokea, kopa laini inabonyea na kupoteza duara lake, na gurudumu linasukuma nyama ya kopa ndani mpaka tundu linakuwa dogo. Chukua paipu ya robo iliyokatwa kwa pupa uitazame mdomoni, utaona tundu limebaki kama la kalamu, na ukingo umeingia ndani kama mdomo wa mtu anayepiga mluzi. Hiyo rima itabidi ile sana kuitoa, na ikila sana ukingo unabaki mwembamba kama wembe. Ukiuflea unapasuka.

Hapo kwenye rima ndipo naona mafundi wengi wanapoteza pesa bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rima zipo za aina tatu mtaani. Kuna kile kisu cha kukunjuka kwenye paipukata yenyewe, kuna ya mviringo kama pipa dogo ambayo upande mmoja inasafisha ndani na upande wa pili inasafisha nje, na kuna ya kalamu yenye kisu kilichopinda kinachozunguka chenyewe. Kisu cha paipukata kinafanya kazi ila kinatetereka na kinachimba upande mmoja zaidi, kinafaa kwa dharura. Ya pipa ndo naipenda kwa kopa mpya, unaiingiza unazungusha mara tatu nne kwa mkono mwepesi, inakula sawa pande zote kwa sababu ina visu vitatu vinavyojiweka katikati vyenyewe. Ya kalamu ni nzuri kwa mkono uliozoea, na inafika pale ya pipa isipoenea, lakini mkono mzito utachimba mfereji. Nikiambiwa nichague moja nachukua ya pipa, na haina bei ya kutisha.

Mdomo wa paipu uangalie chini muda wote unapopiga rima. Chini kabisa, chenga zidondoke zenyewe ardhini. Usipulize kwa mdomo wako, mate ni maji na maji ndani ya mfumo ni ugonjwa mwingine. Ukimaliza gonga paipu taratibu na mpini wa bisibisi, funga na tepu kama huflei saa hiyo hiyo. Huku kwetu Dodoma hii ya tepu si ya kupuuza, upepo wa mwezi wa nane na wa tisa unajua wenyewe unavyobeba vumbi, ukiacha paipu wazi juu ya paa dakika ishirini unaweza kuandika jina lako ndani yake.

Kiasi cha rima ni kile kinachoondoa ukingo uliojikunja tu. Pitisha ncha ya kidole kidogo, au kwa robo pitisha kijiti cha kiberiti kikitoka ndani kwenda nje, kisikwame. Kikipita laini acha, usiongeze hata mzunguko mmoja. Makosa ya kupiga rima kidogo unayaona kwenye flea kama mkunjo, makosa ya kuzidisha unayaona kama ufa kwenye ukingo wa flea, kwa hiyo ukijua kusoma flea iliyoharibika utajua mkono wako unakosea upande gani.

Sasa urefu. Paipu ikishakuwa safi, unaingiza nati kwanza (usicheke, mtu akisahau anakata tena kila kitu), afu unaibana kwenye klampu na kuacha kiasi fulani kimechomoza juu. Kiasi hicho kinategemea mashine uliyonayo, na watu wanakopiana bila kujua kwamba mashine si moja. Mashine ya klachi iliyotengenezwa kwa R410A na R32, ile yenye koni inayozunguka kwa kuegemea upande na inajiachia yenyewe ikifika, paipu inachomoza milimita 0 mpaka 0.5, yaani karibu usawa na klampu. Mashine ya klachi ya zamani ukitaka kuitumia kwa gesi hizi acha milimita 1.0 mpaka 1.5. Na ile ya kawaida kabisa ya kukaza kwa mpini wa mkono, ambayo wengi tumeanza nayo, acha 1.5 mpaka 2.0. Fundi aliyejifunza kwenye ya mpini akinunua ya klachi mpya na akaacha milimita mbili kama alivyozoea, flea inatoka pana, haiingii kwenye nati, afu anasema mashine ni feki.

Ndiyo maana nasema venia (kile kipimo cha kubana chenye milimita) ya plastiki ya bei ndogo ni kifaa cha fundi AC. Kwa venia hiyo unapima mambo mawili, kile kilichochomoza, na upana wa flea baada ya kumaliza. Robo flea yake iwe milimita 8.7 mpaka 9.1, tatu kwa nane iwe 12.8 mpaka 13.2, nusu 16.2 mpaka 16.6, tano kwa nane 19.3 mpaka 19.7. Nimeziandika kwa maka pen kwenye mfuniko wa boksi langu la vifaa ndani. Usipokuwa na venia, flea ivute mpaka kwenye nati, iingie bila kugusa uzi na ijaze kitako chote, hicho ni kipimo cha chini kabisa.

Kati ya mashine ya mpini na ya klachi, nani anashinda? Ya klachi, bila ubishi, flea yake ni laini kama kioo na unene wake ni sawa kuzunguka. Lakini nimejaribu kusudi, mara kadhaa, paipu iliyokatwa na paipukata nzima na kupigwa rima ya pipa nikaiflea kwa ya mpini, tone la mafuta ya kompresa kwenye koni, taratibu, ikatoka flea ambayo ilishika presha ya naitrojeni usiku kucha bila mshale wa geji kusogea. Na nimejaribu kinyume, paipu ya hakso kwenye mashine ya klachi ya rafiki yangu, ikatoka flea inayong'aa yenye mkunjo ndani yake. Povu la sabuni ya kupimia uvujaji likaanza kuvimba kwenye nati kabla hata sijashuka ngazi. Hiyo ndo sababu ya jibu nililompa dogo.

Hapo nakumbusha kitu, kujaribia presha ni naitrojeni kavu tu, na usipite kiwango kilichoandikwa kwenye yuniti. Kuna mafundi wanatumia oksijeni ya kuchomelea kwa sababu mtungi upo. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, inaua. Ukimwona mtu anaunganisha mzuie hata kama humjui.

Kukaza nati nako kuna namba zake na zinafuata ukubwa wa paipu, robo ni Nm 14 mpaka 18, tatu kwa nane 34 mpaka 42, nusu 49 mpaka 61, tano kwa nane 68 mpaka 82. Kama huna toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) tumia spana mbili, moja inashika nyingine inakaza, na usikaze kwa hasira, flea ikibanwa kupita kiasi inakuwa nyembamba shingoni na inapasuka baada ya mtetemo wa miezi.

Kuna jambo la urefu mwingine ambalo linamhusu anayekata pia, urefu wa mstari wenyewe kutoka ndani mpaka nje. Rolo la kopa huwa ni mita 15 na mteja anataka abane, kwa hiyo fundi anakata fupi kabisa. Yuniti nyingi zinataka angalau mita 3, na gesi iliyomo kiwandani inatosha mpaka mita fulani, mara nyingi 5 au 7.5, ikizidi unaongeza kwa gramu kila mita kama kibandiko kinavyosema. Na pande zote mbili acha ziada, mi naacha kama kiganja, kwa sababu flea ya kwanza ikigoma unakata sentimita mbili unaanza upya. Aliyekata kavu kavu bila ziada ndiye anayelazimika kuvuta kopa kwa nguvu ifike kwenye vavu, na kopa inayovutwa inakaa na mvutano kwenye ile flea siku zote.

Kopa ikishapindwa pindwa mara nyingi inakakamaa, flea yake inapasuka hata ukikata vizuri. Ukikata upya sehemu iliyonyooka ambayo haijasumbuliwa, mara nyingi tatizo linaisha. Na angalia sana unachonunua, siku hizi kuna paipu za aluminiamu zilizofunikwa zinauzwa kama seti tayari, na kuna kopa nyembamba za chini ya milimita 0.8 ambazo ukiishika tu mkononi unaona ni nyepesi. Pima unene na venia pale pale dukani. Kopa nyembamba hakuna paipukata itakayoiokoa.

Wa friji peke yake, wewe mahitaji yako ni tofauti na nisikudanganye ununue kubwa. Paipukata ndogo inakutosha kabisa, kwa sababu kazi yako ni nyuma ya friji na viungo vyako vingi unachomelea. Ila kapilari, ile paipu nyembamba kama unyasi, usiikate kwa paipukata yoyote ile, gurudumu linaifunga tundu. Chukua tupa ya pembe tatu, chora mstari kuizunguka taratibu bila kufika ndani, shika pande mbili karibu na mstari kwa vidole, pinda huku na huku kidogo mpaka iachie yenyewe *tik*. Ukiitazama kwa mwanga utaona tundu liko wazi duara. Kuna koleo maalum za kukatia kapilari pia na ni nzuri, lakini tupa inafanya kazi ile ile na mzee aliyenifundisha friji pale Majengo hakuwahi kutumia kingine.

Wa kufunga AC za majumbani, anza na kubwa ya milimita 28, rima ya pipa, venia, magurudumu ya akiba. Ukipata kazi mbili tatu ongeza ndogo kwa ajili ya zile sehemu finyu za yuniti ya ndani. Mashine ya kuflea ya klachi iwe ya tatu, hapo katikati ya mpini itakubeba ukiwa na subira. Kama hela inatosha kitu kimoja tu cha bei mwaka huu, weka kwenye hiyo klachi, si kwenye paipukata ya Ridgid, maana paipukata ya kawaida yenye gurudumu jipya inafanya karibu kila kitu, wakati mpini na klachi zina pengo la kweli.

Wa vyumba baridi na AC kubwa za maofisi hapo ndipo paipukata ya bei inapojilipa, unakata paipu ngumu za fimbo siku nzima, rahisi itakufia mkononi ndani ya mwezi.

Dogo nimempa ile CT-274 yangu ya zamani, nimebadilisha gurudumu na pini jana jioni, tumeijaribu kwa kipande cha tatu kwa nane na mstari umekutana. Jumamosi tuna AC mbili Makulu, atakata yeye zote nane na mi nitashika tochi.